Sosi, chai na mtungi wa mkojo: dhana potofu na ukweli

Chupa ya sosi ya nyanya kwenye kibanda cha chipsi pale barabara ya Tom Mboya, Nairobi, haina lebo. Lebo ilibaki jikoni, kwenye jerikeni la lita 5. Ukimwuliza mteja jana alikula kihifadhi kiasi gani, atakucheka, na ndiyo maana watafiti hugeukia mkojo kupima alichokula. Wazo zuri, ila limezaa imani za ajabu.

Dhana: Chochote ulichokula hutoka kwenye mkojo kama kilivyoingia.
Inategemea ni kitu gani. Chukua vitamu vitatu vinavyotumika badala ya sukari. Asesulfemu-K, ile ya soda zisizo na sukari, hufyonzwa karibu yote na kutoka vilevile, kwa hiyo ni shahidi mwaminifu. Sukralozi nyingi huishia chooni bila kufyonzwa. Aspateme huvunjwavunjwa ikawa vitu ambavyo hata maharagwe na mayai yanavyo; utaitambuaje?

Dhana: Asidi ya hipuriki ikipanda kwenye mkojo, mtu huyo anakula vihifadhi kupita kiasi.
Hapa ndipo Nairobi huwachanganya wapimaji. Ni kweli sodiamu benzoeti, kihifadhi kilichoandikwa E211 kwenye lebo na ambacho ni chumvi ya asidi ya benzoiki, ikifika kwenye ini huunganishwa na glaisini, asidi amino iliyomo mwilini, na kuwa asidi ya hipuriki, ambayo hutoka na mkojo ndani ya saa chache. Lakini kuna chai. Bakteria wa utumbo huzivunja polifenoli, kemikali za asili za majani ya chai, baadhi zikawa asidi ya benzoiki, na ini halijui kama imetoka kwenye sosi au kwenye birika. Kahawa na matunda navyo huchangia. Mlinzi wa lango anayekesha na chupa ya chai anaweza kuonekana mlaji mkubwa wa vihifadhi, naye hajagusa sosi wiki nzima. Hata jina la asidi hiyo linatokana na neno la Kigiriki la farasi: Liebig aliipa jina hilo mwaka 1829 baada ya kuichunguza kwenye mkojo wa farasi. Sidhani farasi wale walikula chipsi.

Dhana: Kikopo kimoja cha asubuhi kinatosha.
Kikopo hicho kinasimulia habari za usiku tu. Kwa kipimo cha saa 24, mkojo wa kwanza wa asubuhi humwagwa, halafu wote unaofuata huwekwa mtungini hadi ule wa kwanza wa kesho yake. Sasa mpe mkazi wa mtaa wa Umoja mtungi wa lita 3 apande nao matatu, ndani ya mfuko wa karatasi. Akifika mjini ataingia choo cha kulipia mikono mitupu, na hatakwambia. Njia mojawapo ya kumgundua ni vidonge vya PABA, kemikali ambayo karibu yote hutoka na mkojo, vya miligramu 80, mara tatu kwa siku pamoja na chakula: isiporudi angalau asilimia 85 ya PABA hiyo kwenye mkojo, kuna uliomwagwa. Na hata mtungi ukijaa, Jumanne ya githeri si Jumamosi ya nyama choma na soda.

Dhana: Kikionekana kwenye mkojo, umeshadhurika.
Hapana, hapo kinatoka. Mwaka 2021 JECFA, kamati ya kimataifa ya wataalamu wa viongezwa vya chakula, ilipandisha kiwango salama cha benzoeti kwa siku kutoka miligramu 5 hadi 20 kwa kila kilo ya mwili, yaani miligramu 1,200 kwa mtu wa kilo 60.

Kwa chumvi, mtungi uleule ungesema ukweli zaidi: karibu asilimia 90 ya sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, tunayokula huishia humo, iwe ya chipsi au ya sukuma wiki.