Kuita huduma ya wavuti bila kufungwa na njia yake

Programu ikitaka kitu kutoka kwa programu nyingine, tuseme salio la akaunti, kuna maswali mawili: inaomba nini, na ombi linapita wapi. Dhana ya kuita huduma ya wavuti, yaani programu inayohudumia programu nyingine kupitia mtandao, bila kufungwa na njia yake inataka msimbo wako ujibu la kwanza tu. La pili linakaa nje, kwenye maelezo yanayosomwa programu ikiwa tayari inafanya kazi.

Maelezo hayo huandikwa kwa WSDL, lugha ya kuelezea huduma za wavuti inayotumia XML, ambayo toleo lake la 1.1 lilichapishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2001. Fungua faili yake uone ilivyopangwa. Kwenye portType, sehemu inayoorodhesha kazi za huduma, utakuta operesheni angaliaSalio: inapokea namba ya akaunti, inarudisha kiasi. Basi. Hakuna anwani wala itifaki, yaani kanuni za mawasiliano. Hayo yanakuja baadaye: binding inaeleza ombi linabebwaje, port inataja anwani. Na portType moja inaweza kuwa na binding kadhaa, moja ya SOAP (ujumbe wa XML unaofungwa kwenye bahasha) juu ya HTTP, itifaki ya wavuti, nyingine ya foleni ya JMS (njia ya Java ya kutumiana ujumbe), nyingine ya darasa la Java lililomo humo humo kwenye mashine.

Wengi wetu tulijifunza huduma za wavuti kupitia SOAP, tukadhani ni kitu kimoja. Tukaujaza msimbo bahasha za SOAP, na siku huduma inapohamia kwenye foleni, kila mahali inapoitwa panaandikwa upya.

WSIF, mradi wa Apache wa lugha ya Java ulioanzia IBM, ulilenga tatizo hilo hilo. Unaipa WSIF faili ya WSDL na kuitaja portType. Port ikishachaguliwa, kazi inakabidhiwa provaida, kipande cha programu kinachoijua itifaki husika. Ikija itifaki mpya anaongezwa provaida mpya, na mstari wako unaoita angaliaSalio hauguswi.

Ila njia hizi hazina tabia moja, na hapa naomba tuwe makini sana. Darasa la ndani halina mtandao wa kukatika. Kwa HTTP, ombi linaweza kufika salama kisha jibu likapotelea njiani, usijue kama kazi ilifanyika. Kwa salio si neno, utauliza tena. Kwa kuhamisha fedha, kuuliza tena kunaweza kuhamisha mara mbili. Ndiyo maana kila operesheni inayobadilisha kitu naiandika kana kwamba itapita mtandaoni, hata kama leo iko ndani: kila ombi linabeba namba yake ya pekee, ili likirudi mara ya pili upande wa pili ulitambue.