Eti mbwa wetu hawezi kuuma watoto wetu?

Wiki hii peke yake nimeisikia mara tatu, ya mwisho ni papa mmoja, baba wa watoto, wa mtaa wa Himbi, Goma, kafika kwangu mimi daktari wa wanyama na mbwa kwenye kamba, "Dokta muue tu, huyu amekuwa mubaya, amekua na watoto, anawajua, sasa jana kamuuma wa mwisho kwenye shavu bila sababu." Bila sababu! Nauliza pole pole, kumbe mtoto mkubwa alikuwa anavuta mkia, wa pili kampanda mgongoni kama pikipiki, na huyo wa miaka mitatu kamkumbatia shingoni wakati mbwa anakula fufu yake. Hizo ni sababu tatu jameni.

Watoto wadogo wengi wanaoumwa, wanaumwa na mbwa wanayemjua, palepale nyumbani, si yule wa barabarani mnayemwogopa. Na ni usoni sana, juu uso wa mtoto uko kimo kimoja na mdomo wa mbwa. Kumkumbatia kwako ni mapendo, yeye anaona amebanwa.

Halafu mbwa husema mapema. Anageuza kichwa, analamba midomo na chakula hakuna, anapiga miayo bila usingizi, weupe wa jicho unatokea, mwili unakauka. Mkishindwa kuona yote hayo ndipo ananguruma, na hapa ndio mnaniudhi kabisa: akinguruma mnamchapa fimbo! Basi anajifunza kutonguruma, ile hofu iko palepale, siku nyingine anaanza na meno moja kwa moja na mnasema "bila sababu". Akinguruma toa mtoto, mbwa muache.

Mkia kutikisika nao si furaha kila mara, uangalie na mwili, ukiwa umekauka kama mti kaa mbali. Na mbwa wa kufungwa mnyororo siku nzima si mchezo wa mtoto. Mimi nyumbani kwangu, mtoto chini ya miaka sita habaki na mbwa peke yake, hata mama akienda tu kukoroga sombe, mtoto anaenda naye.

Na vaksini ya raje, yaani kichaa cha mbwa? Mnaniambia: "Mbwa wetu hatoki parseli (uwanja wa nyumba), vaksini ya nini?" Na mbwa wengine wanaopita chini ya portai (geti) usiku? Kuanzia miezi mitatu achanjwe, halafu arudie kila mwaka.

Mtu akiumwa, lile jiwe nyeusi mnaloweka kwenye kidonda eti linyonye sumu, hapana. Raje haitoki kwa jiwe, na dalili zikianza kwa mtu karibu hakuna anayepona. Sabuni na maji ya kutiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo, hata mkwaruzo mdogo.

Na mbwa msimuue haraka hivyo, mkishamzika nani atajua kama alikuwa mgonjwa? Nilimwambia yule papa ampeleke mtoto vaksini leo leo, mbwa amfunge peke yake siku 10, akibadilika anipigie. Tuko siku ya nne, fufu anamaliza.