Kinyonga hana sumu

Ukipiga kambi katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, Usambara Mashariki, usiku mulika tochi kwenye ncha za matawi. Ndipo vinyonga wanapolala, wakiwa wamepauka, hivyo huonekana kwa urahisi kuliko mchana. Ukibahatika utamkuta dume mwenye pembe tatu. Hapo wengi hurudi nyuma au, inasikitisha, huokota fimbo, kwa kuwa tangu utotoni wameambiwa kinyonga ana sumu na akikuuma huponi.

Si kweli. Kinyonga hana sumu ya kumdhuru binadamu. Anachofanya ni kutisha tu: hujaza mapafu hewa, hutanua mwili, huachama na kutoa mlio kama wa nyoka, huku rangi ikikolea. Kukimbia hawezi, kwa hiyo vitisho ndiyo silaha yake. Ukimshika kwa nguvu anaweza kukubana kidole kwa taya. Utaumia kidogo, basi. Ute wa ulimi wake mrefu ni wa kunasia wadudu, na hauunguzi ngozi.

Rangi nayo haibadiliki ili afanane na kila anachokanyaga. Hubadilika kwa baridi au joto, kwa hofu, au anapokutana na dume mwenzake. Na jike hapasuki tumbo akizaa, kama wengine wanavyodai: jike wa jamii ya yule dume wa pembe tatu hutaga mayai, akayafukia ardhini na kwenda zake.

Ukimkuta katikati ya barabara, mwekee kijiti apande mwenyewe, kisha mvushe upande aliokuwa akielekea.