Mlima Hanang Haukulipuka Mwaka 2023

Wapo wengi hapa Dodoma na kanda nzima ya kati wanaoamini kwamba Mlima Hanang ulilipuka tarehe 3 Desemba 2023, siku ambayo matope, mawe na magogo yaliporomoka hadi mji wa Katesh na vijiji jirani na kuua makumi ya watu. Hanang ni mlima wa volkano kweli, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, lakini siku ile haukutoa moto, majivu wala lava. Mvua kubwa ililowesha miamba dhaifu ya ubavuni, ikameguka na kufuata mikondo ya maji. Kwa hiyo anayeupanda kutokea Katesh, hata akiwa mzoefu, aihofie zaidi mvua: achague kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, wala asipige kambi korongoni.