Nadharia maana yake nini, na kwa nini "nadharia tu" inaniuma

Ndani ya siku mbili nimesikia neno nadharia likitumika visivyo mara mbili, mara moja darasani kwangu na mara moja shambani, na kila mmoja kakosea upande wake, mmoja kalivisha wazo lisilostahili na mwingine kalishusha. Kwaiyo leo naandika.

Maana yenyewe sio ndefu. Kwenye sayansi nadharia ni maelezo ya kwa nini jambo fulani linatokea, maelezo ambayo yameshapimwa na watu wengi, sehemu nyingi, yakashika, na yanafunga pamoja mambo mengi yaliyokuwa yanaonekana hayahusiani. Dhana tete ni jibu la kukisia unaloliweka kabla hujapima chochote. Dhana tete iko mwanzo wa safari, nadharia iko mbele huko, na kati yao kuna kazi ya miaka.

Nafundisha sayansi sekondari huku Newala, na kidato cha kwanza tunaanza na njia ya kisayansi: unaona jambo, unajiuliza, unakisia jibu, unapima, unaandika ulichokiona hata kama hukukipenda, alafu ndo unahitimisha. Watoto wametoka msingi wamesoma kwa Kiswahili, wanafika kwetu wanakuta vitabu vya Kiingereza, kwaiyo kila neno jipya wanalitafutia la nyumbani la kulishikia. Mwanafunzi mmoja kapanda choroko kwenye makopo mawili, moja dirishani moja ndani ya kabati, kaandika kwenye daftari "nadharia yangu ni kwamba za kabatini hazitaota". Zikaota. Tena zikarefuka kupita za dirishani, nyembamba, zimepauka njano, maana mche ulioko gizani unajivuta kutafuta mwanga. Nilipopita kukagua nikakuta ile sentensi kaifuta kwa raba, kaandika nyingine inayokubaliana na matokeo.

Nikamwambia mwanangu usifute, hiyo ndo sehemu nzuri kuliko zote kwenye daftari lako. Hakuwa na nadharia, alikuwa na dhana tete, na dhana tete kazi yake ni kupimwa, ikikataliwa umejifunza kitu ambacho jana hukukijua. Nikampa mfano wa hapa hapa kwetu. Mwaka 1952 kwenye nyanda hizi za Wamakonde ililipuka homa ya ghafla yenye maumivu makali ya viungo, mtu anajikunja hawezi kunyooka. Dalili zilifanana sana na dengi, na mtu angeweza kuishia hapo, ni dengi basi. Watafiti wakachukua damu ya wagonjwa, wakakamata mbu majumbani, mwaka 1953 wakapata kirusi, na kumbe ni kirusi kingine kabisa. Ndo chikungunya hiyo, inayojulikana leo dunia nzima kwa jina la Kimakonde, la kujikunja (wengi wanaandika eti ni neno la Kiswahili, sio, ni Kimakonde). Wazo la dengi lilikuwa la busara, likapimwa, likaanguka, na hakuna aliyelifuta kwa raba, limebaki kwenye maandishi mpaka leo.

Sasa nije kwenye maneno yenyewe, maana hapa ndo penye tatizo. Nadharia tumeitoa Kiarabuni, na mzizi wake ni kutazama. Ukoo wake tunao mdomoni kila siku ila hatuuoni: mandhari, yaani kile kinachoonekana mbele ya macho, na nadhari, yaani kuliangalia jambo kwa makini. Nadharia ni ndugu yao wa damu. (Nadhiri, ile ya kujiwekea ahadi kwa Mungu, haimo kwenye ukoo huu, kwa Kiarabu herufi yake ni nyingine, sisi ndo tumezikutanisha kwenye dh moja.) Tena Wagiriki nao, ambako Wazungu walitoa neno lao, walianzia hapo hapo kwenye kutazama. Kwaiyo ukilichimba neno lenyewe unakuta jicho, unakuta mtu aliyekaa akaangalia mpaka akaelewa.

Dhana yeye ana ukoo wake. Ndugu yake ni kudhani, na kudhani kila mtu anakujua, ni kuwaza jambo huna hakika nalo. "Nilidhani umeshaondoka." Lugha yetu yenyewe imeshatutenganishia, huyu katazama, huyu kadhani, ni sisi tunaowachanganya. Shida ikaja pale dhana ilipoanza kubeba na maana ya pili, ile ya wazo au fikra kwa jumla, kama tunaposema dhana ya uhuru au dhana ya nguvu kwenye fizikia, ikabidi ile ya kukisia iongezewe neno la kuitambulisha, ndo ikaja tete. Na tete nalipenda sana neno hili, maana mkulima yeyote analielewa bila kamusi: mtama ukiwa tete punje imeshaingia lakini bado laini, ukiibinya inatoa maji meupe. Inaweza kukomaa, inaweza kuliwa na ndege kabla. Hakuna picha nzuri kuliko hiyo ya wazo ambalo halijapimwa.

Kinachonisumbua ni kwamba kwenye vitabu vingi vya utafiti vya Kiswahili wanaandika "nadharia tete" badala ya dhana tete. Najua limeshazoeleka na walimu wangu wenyewe walilitumia. Lakini angalia linachofanya, linamwambia mwanafunzi kuwa kukisia kwake nako ni nadharia, changa tu, alafu ukifika wakati wa kumfundisha nadharia ya seli au nadharia ya vijidudu anaziweka kapu moja na ile choroko yake ya kabatini. Kwa nini asifute kwa raba, ukishamwambia ana nadharia anaona aibu ikianguka.

Ya pili ni ya shambani. Mzee mmoja jirani yangu, mtu wa mikorosho tangu hajaoa, nakwenda kwake sana. Tunaongelea ubwiriunga, ule unga mweupe unaoshika majani machanga na maua ya mkorosho, ua likishashikwa linanyauka na korosho hupati. Nikamwambia ule ni kuvu, kitu hai. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mwalimu, hiyo nadharia tu. Sisi tunajua unaletwa na umande."

Kwanza nimpe haki yake. Alichokiona ni kweli tupu, unga unazidi kipindi cha baridi na umande, mwezi wa sita mpaka wa nane hivi, na kuvu ile hali hiyo ndo inaipenda. Miaka yote ya kutazama ile ni nadhari hasa. Ila "unaletwa na umande" ni maelezo ya alichokiona, na maelezo yanapimwa. Nikamuuliza, mzee wangu, chukua mikorosho miwili iliyopakana, umri mmoja, mbegu moja, umande unaishukia yote sawa, mmoja upulizie salfa, ile dawa ya kuzuia ubwiriunga, kwa wakati kila raundi na mwingine uache. Ingekuwa umande peke yake ndo unaleta, yote ingeshikwa sawa, maana salfa haizuii umande kushuka. Akanyamaza kidogo akasema, wa salfa ua linabaki safi. Anajua, kila mwaka anapuliza.

Nikamsimulia na ya Ireland. Mwaka 1845 viazi vyao viliozea shambani, njaa ikaua watu kama milioni moja, na wasomi wengi wa wakati ule walisema hivi hivi, ni unyevu wa hali ya hewa, ule ukungu unaoonekana kwenye majani umekuja baadaye juu ya mmea ambao umeshaoza. Wachache walisema hapana, ukungu ndo chanzo. Hoja haikuisha kwa kubishana, mpaka mwaka 1861 Mjerumani Anton de Bary alipochukua mbegu za ukungu ule akaziweka kwenye mimea mizima, ikaugua, na isiyowekewa ikabaki salama. Miaka ile ile wanasayansi wengine, Pasteur na baadaye Koch, aliyekionyesha kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, wakawa wanakuta jambo hilo hilo kwa wanyama na watu. Viazi, kifua kikuu, ubwiriunga wa korosho, yote yamefungwa na maelezo mamoja, kwamba ugonjwa wa kuambukiza unaletwa na kitu hai kidogo. Hiyo ndo inaitwa nadharia. Ukisema "nadharia tu" unaweka neno "tu" mbele ya kazi yote hiyo.

Naelewa lilikotoka, kwenye mitihani kuna karatasi ya nadharia na karatasi ya vitendo, na matumizi hayo ni halali kabisa, ila watu wamelibeba kutoka pale wakalifanya liwe maneno matupu yasiyoshika jembe. Ukitaka kusema mtu anakisia, maneno tunayo mengi: dhana, makisio, kubahatisha, hisia zake. Chagua lolote kati ya hayo.

Mzee akanirudisha nyuma kidogo, akauliza kama ni kuvu, mbona miti mingine ya shamba hilo hilo haishikwi sana hata bila salfa. Nikamwambia kuna mikorosho yenye asili ya kustahimili, kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wameifanyia kazi hiyo miaka mingi. Akasema yeye anadhani ni kwa sababu iko juani zaidi, upande wa mawio, umande unakauka mapema, na msimu huu ataihesabu ya pande zote mbili. Nikamwambia vizuri sana mzee, ila hiyo kwa sasa tuiite dhana tete. Akacheka, akasema haya, tete.