Kujitunza mbele za watu: mtu mzima mwenye selimundu kazini, nyumbani na wodini

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka kadhaa nimehudumia watu wazima wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu, hapa Kisumu. Maagizo tunayowapa wanayajua kwa moyo: kunywa maji mengi kutwa, jikinge na baridi, pumzika kabla hujachoka, meza dawa kila siku bila kuruka, na uwahi hospitali homa inapopanda. Ni maagizo sahihi, ila huwa tunayatoa kana kwamba mgonjwa anaishi peke yake chumbani, ilhali kila mojawapo hutekelezwa mbele ya mwajiri, wakwe, majirani na abiria wenzake. Mtu mzima anayeuficha ugonjwa wake hulazimika kila siku kuchagua kati ya kujitunza na kuilinda siri yake. Ndiyo maana siuhesabu unyanyapaa kuwa huzuni ya kushughulikiwa baadaye, matibabu yakishakamilika. Kwangu ni mojawapo ya mambo yanayomfikisha mgonjwa wodini, na unastahili kuulizwa kliniki kama tunavyouliza kuhusu homa.

Kuhusu chanzo cha ugonjwa nitasema kwa ufupi. Mtoto huzaliwa na selimundu anaporithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wote wawili wakiwa na jeni moja moja, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa. Chembe nyekundu zisizo na hitilafu huishi takriban siku 120, lakini hizi zinazojikunja huvunjika baada ya siku 10 hadi 20, na hapo ndipo upungufu wa damu na umanjano wa macho hutokea. Mwaka 1949 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alipima damu za jamii mbalimbali nchini akaona kwamba jeni hii imeenea pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni adimu katika nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo jeni hii imedumu kwetu kwa sababu iliwanusuru watoto wengi wa mababu zetu, na haihusiani hata kidogo na chira, yaani mkosi unaoaminika kumpata aliyevunja mwiko, wala laana ya ukoo. Hata hivyo bado naona mama akilaumiwa peke yake, na baba akishauriwa na nduguze aoe kwingine.

Jambo linalonishughulisha zaidi ni maji, kwa kuwa watu huliona dogo. Selimundu huharibu mapema sehemu ya ndani ya figo inayohifadhi maji, kwa hiyo mkojo hutoka mwingi hata mgonjwa asipokunywa kitu. Mwili wake hukauka haraka kuliko wa mwenzake, na damu iliyopungukiwa maji huzifanya chembe zijikunje na kuziba mishipa midogo. Tukimwambia anywe lita tatu kwa siku, tunamwambia pia aende choo mara nyingi sana. Anayeuza mitumba katika soko la Kibuye ataacha meza yake mikononi mwa jirani na kulipia choo kila mara. Karani atainuka mbele ya msimamizi ambaye tayari anamhesabu kuwa mvivu. Anayesafiri kwa matatu kutoka Kisumu kwenda Nakuru hapitishi tone kinywani tangu alfajiri ili asimwombe dereva asimame, na gari hilo hilo linapanda hadi baridi ya Mau Summit, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na chembe zake zinazidi kukosa oksijeni. Usiku ule maumivu ya mgongo na miguu yakianza, watu husema ni uchovu wa safari. Figo hizo hizo pia huwafanya baadhi yao kukojoa kitandani hadi ujanani, na wapo waliochekwa katika mabweni ya shule ambao, wakiwa watu wazima wenye ndoa, bado hawanywi chochote baada ya saa kumi na mbili jioni. Hakuna aliyewahi kuwaeleza kwamba hilo ni dalili ya ugonjwa wao.

Dawa nayo ina macho yanayoifuata. Haidroksiyurea humezwa kila siku, huongeza himoglobini ya kitoto, yaani protini ya damu ya mtoto mchanga inayobeba oksijeni bila kuifanya chembe ijikunje, na kwa wagonjwa wengi hupunguza mashambulizi ya maumivu, ambayo wenyewe huyaita krisisi. Katika eneo hili, ambako Virusi vya Ukimwi vimegusa karibu kila ukoo, mtu mwembamba anayemeza dawa kila siku hukisiwa papo hapo. Wengine husoma karatasi ya maelezo, wakaona dawa hiyo hutumika pia kwa saratani, wakaiacha kimya kimya. Wengine huitoa kwenye kopo lake na kuihifadhi katika karatasi au mkoba, inakopata unyevu. Ninaomba mgonjwa aniambie anaiweka wapi na nani anamwona akiimeza, kwa maana majibu hayo hunieleza mengi kuliko swali la kama anaimeza. Wanaotaka mtoto, wanawake kwa wanaume, wazungumze nasi mapema, kwa sababu dawa hii haifai wakati wa ujauzito na huweza kupunguza mbegu za kiume.

Hospitalini, ninasema kwa masikitiko, nako kuna unyanyapaa. Maumivu ya krisisi hayana kipimo cha damu kinachoyathibitisha, na mtu aliyeishi nayo tangu utotoni amejifunza kutulia: anaweza kuwa anatazama simu yake huku akikuambia maumivu ni tisa kwa kumi. Mhudumu asiyelijua hilo huona mpigo wa moyo wa kawaida, husikia mgonjwa akitaja mofini, dawa kali ya maumivu, kwa jina na kipimo, na huhitimisha kwamba ni mraibu. Mgonjwa anajua jina la dawa kwa sababu ndiyo iliyomsaidia mara ya mwisho. Akidhalilishwa mara moja, safari ijayo atavumilia nyumbani siku tatu, na atakapofika kifua chake kitakuwa kimeanza kubana, hali ambayo huua watu wazima wenye selimundu.

Kwa wanaume kuna aibu nyingine ambayo haizungumzwi popote. Uume unaweza kusimama kwa maumivu, bila hamu yoyote, kwa saa nyingi. Hii ni dharura. Kunywa maji, nenda haja ndogo, meza dawa ya maumivu, na zikipita saa mbili bila nafuu anza safari ya hospitali, kwa sababu zaidi ya saa nne zinaweza kuleta madhara ya kudumu. Anayengoja kupambazuke ili asimwambie kaka yake amwitie bodaboda anapoteza saa zilizokuwa na maana.

Sisemi kila mtu atangaze ugonjwa wake. Wapo ambao wakitangaza leo watapoteza kibarua kesho, na ninaheshimu hesabu yao. Ninachoshauri ni kuchagua nani ajue nini. Msimamizi anaweza kuambiwa tu kwamba una hali ya figo na damu inayohitaji maji na choo, bila jina la ugonjwa. Barua fupi ya aina hiyo tunaiandika kliniki. Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza ubaguzi kwa misingi ya hali ya afya, na Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi aliyehudumu miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, mradi alete cheti cha daktari.

Nyumbani mtu mmoja anatosha kuanzia: mume, dada, shangazi, yeyote atakayekuwa macho saa nane za usiku. Mlete kliniki siku usiyoumwa. Tutamwonyesha kadi yenye kundi lako la damu, dawa zako na kipimo cha dawa ya maumivu kinachokufaa, ili aisome mapokezini wewe usipoweza kusema. Tutamfundisha pia kwamba homa ya nyuzi 38.5, kifua kinachobana, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au ulimi mzito havingoji dawa za malaria za dukani wala maombi ya asubuhi. Maombi yafanyike garini, mkiwa njiani kuja.