Ratili za upinde na mnyama mkubwa: yasemwayo na yaliyo kweli

Mtazame jamaa dukani anayejaribu upinde wa ratili 70, yaani unaohitaji nguvu ya ratili 70 kuuvuta. Anauelekeza darini, anakunja uso, mabega yanampanda hadi masikioni, kisha anaushusha huku akiuvuta kwa mkupuo. Muulize kwa nini asichukue wa 55, jibu analo mdomoni: anakwenda kuwinda musi, yule mnyama wa misitu ya Kanada na Alaska mwenye pembe pana kama makasia, ambaye dume lake hufika kilo 500. Mnyama mkubwa, upinde mzito. Hesabu hiyo huingia akilini upesi, na ndiyo inayowapotosha wengi.

Mshale hauui kama risasi. Risasi huponda na kupasua kwa kishindo, mshale hukata. Kigumba, ile ncha ya chuma ya mshale, chenye makali ya wembe kikipita mapafu yote mawili, mnyama huvuja damu kwa ndani, pumzi humwishia na huanguka baada ya muda mfupi, awe kulungu wa kilo 70 au musi wa kilo 500. Kwa hiyo kinachotakiwa ni mshale upenye ubavu na kutokea upande wa pili. Sheria za huko zenyewe hazidai makubwa. Alaska inataka upinde wa ratili 50 kwa musi, dubu wa kahawia na nyati wa Amerika, na 40 kwa kulungu. Ontario, jimbo la Kanada, inataka kilo 18, karibu ratili 40, kwa kulungu. Kwa musi na dubu mweusi kilo 22, yaani ratili 48 na nusu.

"Basi 50 inatosha, sheria imesema!" Hili nalo ni kosa, ila la upande wa pili. Sheria imeweka kiwango ambacho ni marufuku kwenda chini yake. Haikuahidi kwamba kila upinde wa ratili 50, kwa kila mshale na kutoka umbali wowote, utamwangusha musi. Alaska hiyohiyo inaruhusu mshale wa gramu 19 na kitu. Kwa maoni yangu, kwenda na mshale wa namna hiyo kwa musi ni kumwonea mnyama.

Hapa kwenye mshale ndipo palipo na mambo, na ndipo wengi wanapopapita mbio wakikimbilia kubishana ratili. Wanasema mshale mwepesi huenda kasi, na kasi ndiyo nguvu. Chukua gunzi kavu la mahindi na kokwa ya embe bichi, uvirushe kwa mkono mmoja, kwa juhudi ileile. Gunzi litakutoka mkononi upesi na kufia njiani. Kokwa itakwenda polepole zaidi, lakini ikimpata mtu atakutafuta. Sasa tufanye hesabu ya upinde mmoja wenye nguvu ya kawaida ya kuwindia. Mshale wa gramu 27 unatoka kwa mita 79 kwa sekunde: nishati yake ni jouli 85 hivi. Uvue, uweke wa gramu 39. Kasi inashuka hadi mita 68 hivi kwa sekunde, lakini nishati inapanda kidogo, jouli 89 au 90, kwa sababu upinde humpa mshale mzito sehemu kubwa zaidi ya kile ulichokiweka wakati wa kuvuta. Kinachopotea katika mtikisiko na kelele hupungua. Na msukumo, yaani uzito mara kasi, ambao ndio unaoufanya mshale uzidi kusonga ukishagusa nyama na mbavu, umeongezeka kwa karibu robo. Kwa lugha nyepesi, asilimia 20 na ushei. Hujaongeza ratili hata moja. Mmarekani Ed Ashby, aliyeanza majaribio yake ya kupenya kwa mishale huko Natal, Afrika Kusini, miaka ya 1980, alifikia rai kwamba kwa mifupa mizito mshale uwe na greni 650, ambazo ni gramu 42. Wapo wanaombishia namba hiyo. Sijaona anayembishia mwelekeo wake.

Kigumba nacho kina hesabu yake. Vile vinavyojifungua vikigusa ngozi hutoboa tundu kubwa, lakini kule kufunguka hula nguvu. Mwenye upinde wa ratili 50 heri abaki na kigumba kisichofunguka, chenye makali mawili, kilichonolewa hadi kinyoe nywele za mkono.

Namba iliyoandikwa kwenye upinde pia huaminiwa kupita kiasi. Kwa pinde za kawaida, zisizo na kapi (vile vigurudumu vya ncha za upinde vinavyopitisha kamba), namba hiyo imepimwa upinde ukiwa umevutwa inchi 28. Mwenye mikono mifupi anayeishia inchi 26 hupoteza ratili mbili mpaka tatu kwa kila inchi, kwa hiyo ule ulioandikwa 50, mikononi mwake ni wa 45 hivi. Mrefu anayefika inchi 30 anapata ziada bila kulipia. Upinde wa kapi, ambao Holless Wilbur Allen alipewa hataza yake Marekani mwaka 1969, una kiini macho kingine: ratili 70 ni za kilele tu, katikati ya mvuto. Ukikipita kilele, makapi yanabeba mzigo, na kwenye upinde unaopunguza asilimia 80 unabaki kushika ratili 14. Ndiyo sababu watu hudhani wameuweza. Lakini kile kilele huna pa kukikwepea, lazima ukipite.

Kuna pia wanaoongeza ratili ili kulungu asiwahi kuinama. Mnyama husikia mlio wa upote, ile kamba ya upinde, kabla mshale haujafika, akainama na mshale ukampita juu. Kutoka mita 30, sauti humfikia kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mshale wa mita 79 kwa sekunde huchukua karibu 0.38. Ongeza ratili kumi, utaokoa kama 0.03 ya sekunde. Sogea mita kumi karibu zaidi, utaokoa 0.13.

Kwetu husemwa kwamba wazee waliwinda kwa pinde dhaifu kwa kuwa walikuwa na sumu. Kwa Wasan wa Kalahari ni kweli: pinde zao ndogo hata kijana wa shule angezivuta, na sumu ya viluwiluwi vya mdudu ndiyo huua pofu na twiga, tena baada ya kumfuata mnyama kwa saa nyingi au siku. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi ni habari nyingine. Pinde zao huvuta wastani wa kilo 30 hivi, sumu ikiwepo. Na Wawata, ambao majirani waliwaita Waliangulu, walikuwa na pinde za zaidi ya ratili 100 huko mashariki ya Tsavo. Walimnyatia tembo hadi hatua chache, kisha wakamlenga tumboni. Nguvu yote ile ilikuwa ya kupitisha sumu kwenye ngozi; kuua kuliachiwa sumu, iliyochemshwa kwa magome na miti hadi ikawa nyeusi kama lami. Anayewataja Wawata ili kujihalalishia ratili 100 kwa ajili ya kulungu amesikia nusu ya hadithi. (Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, Tanzania huingii porini bila kibali, na Uingereza kuwinda kwa upinde ni kosa la jinai.)

Limebaki la mwisho: "Chukua mzito, utazoea." Misuli huzoea, sikatai, tena kwa miezi. Ila dukani kuna joto, umevaa fulana na umetoka kunyoosha viungo. Jaribio la kweli ni hili: keti kwenye kiti, inua miguu yote miwili kutoka sakafuni, elekeza upinde mbele bila kuupandisha, uvute polepole hadi mwisho. Ukishindwa, punguza ratili tano, ujaribu tena. Kisha rudia umevaa koti nene na glovu, baada ya kukaa kimya nje kwenye baridi saa mbili. Musi yuko mita 20, anatafuna, jicho lake limekuelekea. Ule mtindo wa kuelekeza upinde juu na kuushusha kwa mkupuo atauona, na utakachokiona wewe ni mgongo wake ukipotelea miongoni mwa miti.